UZI: Niliambiwa nimeteguka tu, nikauza viatu siku tisa nimesimama. Kumbe mfupa wa unyayo umevunjika

MamaViatu (Kampala)

Habari za humu ndugu zangu. Uzi huu nimeuahirisha muda mrefu, leo mvua imefunga soko na nina nafasi. Utakuwa mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nauza viatu vya mitumba soko la Owino. Nililelewa Bombo kambini, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili ndicho cha nyumbani. Nawaambia mapema kabla hamjaniuliza mbona Mganda anaandika hivi.

Jioni hiyo nilikuwa nateremka kwenye taksi karibu na paki ya zamani (wageni, huku kwetu taksi ndiyo mnayoiita matatu au daladala). Mvua ilikuwa imenyesha, begani nina mfuko wa viatu, na konda ameshagonga bodi gari liondoke. Mguu wa kushoto ukakanyaga ukingo wa mtaro kwa sehemu ya mbele tu, kisigino kiko hewani. Uzito wangu wote na wa mfuko ukaegemea ubavu wa nje wa unyayo. Nikasikia "ta!" kama kijiti cha kiberiti. Wala sikuanguka. Hapo ndipo nilipodanganyika, maana mtu akivunjika si huwa anaanguka na kupiga kelele?

Nilitembea mpaka nyumbani. Nilichechemea, lakini nilitembea. Asubuhi unyayo umejaa kama mkate. Nikaenda kliniki ya mtaani, siitaji. Kijana aliyenihudumia alikishika kifundo, akakizungusha huku na huku, akasema, "Umeteguka, nyabo. Ungekuwa umevunjika usingefika hapa kwa miguu yako." Sindano ya diklofenaki, bandeji, nenda. Siku ya tatu jirani akanipeleka kwa muyunzi, wale mafundi wetu wa kuunga mifupa. Yule mzee alinichua kwa samli na majani yaliyotoka kwenye moto, nikauma kanga mpaka ikatoboka. Kesho yake nikarudi sokoni. Siku tisa zote nimesimama, nainama, napanda kwenye marobota.

Siku ya kumi tangu nirudi sokoni alikuja mteja, mama mmoja mtaratibu, anajaribu raba. Akauangalia mguu wangu, akauliza unauma wapi. Nikaushika wote kwa kiganja. Akasema, "Hapana. Nionyeshe kwa kidole kimoja."

Nikaweka kidole kwenye kile kinundu kilicho katikati ya ubavu wa nje, kati ya kidole kidogo na kisigino. Kila mmoja anacho, jipapaseni sasa hivi. Akakibonyeza kidogo, kisha akasogea mbele kiasi cha ukucha mmoja, akabonyeza tena. Pale niliruka nikaangusha meza ya watu. Akanunua raba zake, akasema, "Leo hii kapigwe picha." Kumbe ni nesi.

Eksirei nililipa elfu 40. Kwenye picha kulikuwa na kijimstari cheusi chembamba kama unywele, kimeukatiza mfupa wa tano, ule mrefu unaoelekea kidole kidogo. Siku tisa, samli, majani, diklofenaki, na mfupa umekatika muda wote huo.

Nitaendelea, ngoja nifunike mali, paa linavuja.

Msemakweli256 (Masaka)

Dada pole, lakini usiwachafulie jina bayunzi. Babu yangu aliunga mifupa ya watu miaka arobaini bila eksirei. Halafu ukweli utabaki ukweli, ukiweza kutembea hujavunjika. Hizo nyufa za kwenye picha ni biashara.

Plasta_Mbale (Mbale)

Kazi yangu ni kufunga plasta, hogo kama wengine wanavyoita, na kuwasaidia madaktari wa mifupa katika hospitali ya serikali. Nimeingia hapa kwa sababu ya hilo neno "ukiweza kutembea hujavunjika". Hilo neno limenipa kazi nyingi kuliko boda boda.

Unyayo mmoja una mifupa 26. Saba iko nyuma na katikati, kisha mitano mirefu ya kati, kisha 14 ya vidole (gumba kina miwili, kila kidole kingine kina mitatu). Ukichukua miguu yote miwili ni 52, karibu robo ya mifupa 206 ya mwili mzima. Kati ya mifupa 26, ukivunjika mmoja, hii mingine inaubeba mzigo kwa muda kama majirani wanavyomlelea mtoto mwenzao. Ndiyo maana mtu anatembea. Anayeubeba uzito kwenye paja au muundi ni mfupa mmoja mkubwa, ule ukikatika huendi kokote. Unyayo sivyo.

Kuna kipimo cha mikono mitupu ambacho madaktari wa Ottawa, Kanada, walikitangaza mwaka 1992. Mtu akijipinda kifundo, mbonyeze sehemu chache: ukingo wa nyuma wa vile vifundo viwili, wa ndani na wa nje, sentimita sita za chini, kinundu cha mfupa wa tano alichokitaja MamaViatu, na ule mfupa uliojitokeza upande wa ndani, mbele kidogo ya kifundo. Kisha mwambie atembee hatua nne. Akiumia mfupa wenyewe katika mojawapo ya sehemu hizo, au hatua nne zikamshinda pale alipoumia na tena mbele yako, apelekwe picha. Kipimo chenyewe hakiulizi kama umefika kwa miguu. Yule kijana wa kliniki alizungusha kifundo, na kifundo hakikuwa na kosa lolote.

Mkuu Msemakweli, babu yako simsemi vibaya. Bayunzi wana mikono mizuri, na wengine wanajua kupanga kiwiko kilichoteguka kuliko vijana wanaotoka chuo. Ila kuchua mfupa uliovunjika juzi ni kuuchokonoa kila unapotaka kushikana. Na yale magango, vijiti vya kufungia mfupa, yakikazwa kupita kiasi damu haipiti. Nimeletewa vidole vyeusi hapa, vya mtoto. Sitaandika zaidi ya hapo.

MamaViatu

Nimerudi. Sasa sikilizeni alichoniambia daktari, maana ndicho kilichonifanya nianzishe uzi. Nilidhani mfupa ukivunjika umevunjika, unafungwa wiki sita, basi. Akaniambia, "Mama, ungevunjika sentimita moja nyuma zaidi ningekupa kiatu kigumu urudi sokoni. Lakini hapa ulipovunjikia, hukanyagi chini wiki saba."

Sentimita moja! Nina watoto watatu na kodi ya meza.

Plasta, nisaidie kuwaeleza, wewe una lugha yake.

Plasta_Mbale

Mfupa mmoja, mitaa mitatu.

Mtaa wa kwanza ni kile kinundu chenyewe, kitako cha mfupa. Pale pamefungwa kano inayoshuka kutoka nje ya muundi, pamoja na utando mgumu wa chini ya unyayo. Mguu ukijipindua kwa ndani, vitu hivyo hung'ang'ania na kubandua kipande, kama unavyong'oa msumari ukaondoka na ubao. Ndiyo aina inayotokea sana. Pana damu ya kutosha, panashikana bila matata. Wengi hupewa kiatu kigumu au buti, wanakanyaga kadiri maumivu yanavyoruhusu, na kati ya wiki sita na nane wanaendelea na maisha.

Mtaa wa pili ni mbele kidogo, pale kitako kinapoanza kuwa chembamba, karibu na pale mfupa huu unapogusana na mwenzake wa nne. Hapo ndipo alipovunjikia MamaViatu. Damu ya mfupa huu inatoka pande mbili, na pale katikati inafika kwa shida, kama nyumba ya mwisho kwenye laini ya bomba mlimani: maji yapo ila yanadondoka. Mfupa wenye kiu unashikana polepole, na wakati mwingine haushikani kabisa. Ukiukanyaga mapema unaongeza shida. Ndiyo sababu ya plasta chini ya goti na magongo, wiki sita mpaka nane bila kukanyaga, na wachezaji mpira mara nyingi huamua kuwekewa skrubu badala ya kungoja.

Mtaa wa tatu uko mbele zaidi, kwenye mwili wa mfupa. Huo huvunjika kwa kuchoka, si kwa kujikwaa, kwa wanaokimbia na wanaopiga kwata.

Mtaa wa pili umepewa jina la daktari Robert Jones wa Liverpool. Alivunjika hapo yeye mwenyewe akicheza dansi, akaandika habari zake mwaka 1902. Eksirei ilikuwa haijatimiza hata miaka kumi tangu igunduliwe mwaka 1895. Kwa hiyo dada usione haya, aliyekutangulia alikuwa kwenye muziki, wewe ulikuwa kazini.

AfandeMstaafu (Gulu)

Nimecheka hapo kwenye kwata. Mimi nilipata huo wa kuchoka, ila kwenye mfupa wa pili. Kuruta, miezi ya mwanzo, mabuti mapya, mbio alfajiri, mzigo mgongoni. Hakuna siku naweza kusema niliumia. Mguu ulianza kuuma juu, ukivimba jioni na kupungua asubuhi. Nikaenda kwa daktari wa kambi, picha ikatoka safi. Mkufunzi akanipa jina baya mbele ya kombania nzima.

Wiki ya tatu nikapigwa picha nyingine. Daktari akaniita nione. Kwenye mfupa pametokea kitu kama fundo la muwa. Akasema ule ufa ulikuwa mdogo mno hata picha ya kwanza haikuuona, lile fundo ni mfupa mpya unaojiunga wenyewe. Mkufunzi hakuniomba msamaha, jeshini hakuna hiyo, lakini jina lile halikutumika tena.

Nimesoma baadaye kwamba daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliieleza hali hii kwa askari wake mwaka 1855, miguu inavimba na hakuna anayejua kwa nini. Kwa hiyo, wanaokimbia huko Kapchorwa na mnaojiandaa na marathoni: picha safi ya wiki ya kwanza haimaanishi huna ufa.

BintiMutukula (Mutukula)

Samahanini naingilia. Mdogo wangu ana miaka 12, alijipinda akicheza mpira. Picha inaonyesha mstari pale pale kwenye kinundu, tumeambiwa amevunjika. Lakini ukimbonyeza pale halalamiki, anaumwa zaidi kwenye kifundo. Afungwe plasta?

Plasta_Mbale

Binti, swali zuri kuliko yote humu. Watoto wa kati ya miaka 9 na 14 hivi wana kipande cha kukulia pale pale, na mstari wake huonekana kwenye picha kama ufa. Tofauti: mstari wa kukua hufuata urefu wa mfupa, umelala nao sambamba. Uliovunjika hukatiza. Na mfupa uliovunjika huuma ukibonyezwa, wa kukua hauna neno. Rudini, mwombeni daktari aliyezoea watoto aisome picha, na kama hana hakika aulinganishe na mguu wake mwingine usioumia. Simwoni mtoto kwa hiyo sisemi hajavunjika, nasema ulizeni.

Mkongo_Nakivale (Nakivale)

Aksanti kwa uzi. Mama yetu ana sukari miaka mingi. Mguu umevimba, ni mwekundu na wa moto, tangu majuma mawili. Hakuanguka. Maumivu hana, anatembea tu kwenda kuchota maji. Tunafikiri ni baridi.

Plasta_Mbale

Ndugu, mwambie mama asichote maji kesho, na mguu huo uonwe na daktari haraka. Sukari ya miaka mingi huua mishipa ya fahamu ya miguu, mtu anavunjika na hasikii. Kisha anaendelea kutembea juu ya mifupa iliyovunjika mpaka unyayo unapoteza umbo lake. Mguu wa mwenye sukari, umevimba, una joto kuliko mwenzake, na hauumi: hilo la kutouma ndilo linalotutisha sisi. Huenda pia ni uambukizo. Vyote viwili havingoji.

Mkongo_Nakivale

Tumesikia. Kaka yangu anampeleka kwa pikipiki asubuhi.

MamaViatu

Mungu amsaidie mama.

Sasa niwasimulie wiki saba za plasta, maana haya hospitali hawakuambii, wanakupa karatasi.

Kwanza walinifunga nusu plasta, ya nyuma tu, ikashikiliwa na bandeji, kwa sababu mguu ulikuwa bado umevimba. Ya mzunguko ikaja wiki iliyofuata. Inapowekwa inapata joto mpaka unaogopa, ni kawaida. Kukauka kabisa ni kama siku mbili, na siku hizo usiiegemeze juu ya kitu kigumu, itabonyea na hilo bonyeo litakutoboa ngozi.

Choo. Naomba tuzungumze kuhusu choo kama watu wazima. Choo chetu ni cha shimo, tunashirikiana nyumba nne. Kuchuchumaa na mguu mmoja uko mbele hewani kama mcheza sarakasi, magongo yanateleza, nililia siku ya kwanza. Mwanangu mkubwa akachukua kile kiti cha plastiki cheupe, akakata tundu katikati kwa kisu kilichopashwa moto, akalainisha ukingo kwa jiwe. Kilinisaidia kuliko dawa zote. Majirani sasa wanakiazima kwa wajukuu na wazee wao, na kila kikirudi nakuta kimeoshwa.

Magongo: usiyategemeze kwapani, mimi nilifanya hivyo siku nne, vidole vikaanza kufa ganzi. Uzito unabebwa na viganja, juu ya gongo inagusa mbavu tu. Ngazi: kupanda tanguliza mguu mzima, kushuka tanguliza magongo na mguu mgonjwa. Zile raba za chini zinaisha haraka kwenye murram, mimi nilikata za kwangu kwenye ndala kuukuu.

Mwasho ndani ya plasta utakutia wazimu. Usiingize kijiti wala spoku ya baiskeli. Niliambiwa nipulizie hewa na nigonge gonge kwa nje. Sijui kama ilisaidia au ilinishughulisha tu.

Boda sikupanda wiki saba, mguu unatokeza nje na Kampala ni ile ile.

Plasta_Mbale

Niongeze la hatari tu. Ukiwa na plasta, inua mguu juu ya kimo cha moyo siku za mwanzo na chezesha vidole kila mara. Maumivu yakizidi badala ya kupungua, ukinyoosha kidole kidogo tu unapiga yowe, vidole vikawa baridi, vya buluu, au vimekufa ganzi: usingoje asubuhi, plasta ikatwe usiku huo huo. Shavu la mguu likivimba na kuuma, au ghafla pumzi inakukata na kifua kinachoma, huenda damu imeganda, hiyo ni dharura.

Na jingine ambalo halihusu MamaViatu: ukiumia katikati ya unyayo kisha ukaona weusi wa damu chini, kwenye wayo, usikubali kuambiwa umeteguka. Huenda viungo vya katikati vimeachana. Picha ya kulala mara nyingine haionyeshi, inatakiwa upigwe umesimama. Wakikuchelewesha hapo unyayo unaweza kukusumbua maisha. Na anayeanguka toka kwenye mwembe au mfenesi akatua kwa visigino, mpime na mgongo. Kisigino kikipasuka, uti wa mgongo nao huenda umeumia.

Msemakweli256

Nyote mmesahau mulokoni. Supu ya kwato za ng'ombe, kila siku bakuli moja, mfupa unashika. Hiyo hata daktari wenu anakunywa.

MamaViatu

Mulokoni nimekunywa, sikatai! Kila Jumapili, wifi yangu anachemsha usiku kucha mpaka midomo inanatana. Mfupa unakula mfupa, wanasema.

Plasta_Mbale

Na mimi nakunywa, Msemakweli kanikamata. Ni tamu na ina protini. Ila ile supu haina madini ya kalsiamu kama watu wanavyodhani, mifupa yenyewe mnaitupa. Ukitaka kula mfupa, kula mukene, dagaa wetu wa ziwani, maana unamtafuna na mifupa yake. Na ni rahisi kuliko kwato. Ongeza maharage, mayai, maziwa ukiyapata, na ukae juani kidogo. Sigara acha, hiyo kweli inachelewesha mfupa. Hizo sindano za diklofenaki madaktari wengi hawapendi ziendelee muda mrefu mfupa unapojiunga, wanaanza na paracetamol.

BodaBusia (Busia)

Wakuu habari. Nimesoma uzi wote nikiwa stejini. Jumamosi pikipiki iliniangukia mguu wa kulia, ikaupindua. Nimeendelea kubeba watu. Nimejibonyeza sasa hivi kama mlivyosema, nimeona nyota mchana. Ni kwenye kinundu chenyewe. Hatua nne natembea lakini najing'ata.

MamaViatu

Mdogo wangu, shuka kwenye hiyo pikipiki nenda ukapigwe picha.

AfandeMstaafu

Hiyo ni amri.

MamaViatu

Wakati tunamngoja Boda, nimalizie. Plasta ilitolewa wiki ya saba kwa ule msumeno unaotetema. Unapiga kelele kama wa fundi seremala, lakini ngozi hauikati, nilimbana mkono yule kijana bure. Nilitegemea kushangilia. Nikaona mguu si wangu: mwembamba kama wa kuku, ngozi inabanduka kama maganda ya kitunguu, manyoya marefu. Picha ilionyesha mfupa umeanza kushikana, si wote. Daktari akasema kanyaga kidogo kidogo na kiatu kigumu.

Sasa hapo ndipo kazi yangu ilipokuja kunifaa. Kiatu kigumu ni kipi? Mtaalamu wa viungo akaniambia, shika mbele na nyuma, kunja. Kikikunjika katikati kama chapati ya rolex (ile inayoviringishwa na mayai), weka chini. Nikakaa juu ya robota nikakunja viatu mia moja. Raba zote zikakunjika. Nikapata sapatu jozi moja ya soli ya mbao, nzito, kama mitalawanda ya Pwani ila juu ina ngozi na nyuma ni wazi, zile wanazovaa manesi wa Ulaya. Haikunjiki hata ukipanda juu. Nilichukua namba 42 makusudi, yangu ni 40, uvimbe ulikuwa bado. Mguu wa kulia nikavaa raba yenye kimo sawa na ile mbao, vinginevyo kiuno kitalia.

Mazoezi: kuandika majina ya watoto hewani kwa kidole gumba, asubuhi na jioni. Kuvuta taulo sakafuni kwa vidole. Baadaye kusimama kwa ncha za vidole nimeshika meza, kwanza miguu yote miwili, ndipo mmoja. Siku niliyoweza mmoja ilikuwa wiki ya kumi na moja, sokoni, na jirani yangu muuza mikanda akapiga vigelegele.

Jioni bado unavimba. Nimeambiwa hiyo inaweza kwenda miezi kadhaa, si dalili kwamba umevunjika tena. Ila hofu ya mitaro haijaniisha, nateremka kwenye taksi kama bibi arusi. Makonda wananichukia.

Mkongo_Nakivale

Ripoti: mama amelazwa, mguu una mvunjiko na umefungwa. Haruhusiwi kukanyaga. Anasema tumemfunga yeye na si mguu. Aksanti sana, Plasta.

BodaBusia

Wakuu, picha imetoka. Kipande kimebanduka kwenye kinundu, mtaa wa kwanza. Daktari amesema sihitaji plasta, nivae kiatu kigumu, nisiendeshe kwa wiki sita. Pikipiki ni ya mkopo, nimeongea na mwenyewe, kaka yangu ataiendesha. Sasa Busia nzima nimekunja viatu, vyote chapati.

MamaViatu

Mguu wa kulia ulisema?

BodaBusia

Wa kulia. Navaa 41.

MamaViatu

Zile sapatu za mbao mimi nilivaa ya kushoto tu. Ya kulia haijawahi kukanyaga ardhi ya Uganda. Nitaipa basi la kesho asubuhi, lipa nauli ya kifurushi.

BodaBusia

Nimeipokea, inakaa vizuri, haikunjiki. Kuna jina la mtu limeandikwa ndani kwa kalamu, ni la Kizungu, silisomi.

MamaViatu

Hata mimi lilinishinda.